Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utamaduni: siku ya urithi isitangazwe kabla wenye ngoma hawajaulizwa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni,
Kwa Waheshimiwa wabunge wa Dodoma na Singida,
Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma.

Mbukwenyi, waheshimiwa.

Naandika nikiwa katibu wa kikundi cha ngoma katika Wilaya ya Chamwino. Kikundi chetu kina akina mama wa muheme, ngoma ya Wagogo wanayoipiga wanawake, wazee wa zeze na marimba, na vijana wachache wanaojifunza pale kilimo kinapowapa nafasi. Wazo la kuwa na sikukuu ya taifa ya urithi wa utamaduni, yenye mapumziko kama ilivyo Saba Saba na Nane Nane, linazungumzwa sana huku kwetu, hasa kila linapomalizika Tamasha la Utamaduni la Kitaifa, lile lililoanza Dar es Salaam mwaka 2022 na kufika Songea mwaka 2024. Wapo wanaotaka itangazwe hata kesho. Mimi naitamani siku hiyo pengine kuliko wao, na ndiyo sababu nawaomba msiitangaze bado.

Nianze na yale watu wanayosema, maana taarifa zinazofika mezani kwenu mara nyingi zinaandikwa na walioandaa shughuli. Kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye misiba, na baada ya ibada, ni wachache sana wenye ugomvi na ngoma. Swali lao ni hili: siku hiyo itakuwa ya nani? Mlokole anauliza kama atatakiwa kushangilia tambiko ambalo mchungaji wake alimwambia aachane nalo. Mwislamu wa Kondoa anauliza hilohilo kwa maneno yake. Mtumishi aliyehamia Ilazo au Iyumbu akiifuata wizara yake, awe Mhaya, Mnyakyusa au Mpemba, anauliza yeye atakuwa mwenyeji wa siku hiyo au mtazamaji. Wazee walioshika kadi za TANU wanaogopa ukabila, na woga wao una heshima yake, kwa sababu wanajua umoja huu ulivyojengwa kwa taabu. Na mama anayeuza ugali na mlenda pale Soko la Majengo anauliza ofisi zikifungwa atamuuzia nani.

Hili la mama wa Majengo silichambui kwa urefu. Nchi ina sikukuu za kutosha, na mtu anayeishi kwa mapato ya siku moja moja hafaidiki na mapumziko yasiyo na malipo. Mkitaka kujua kama siku ya urithi inapendwa, muulizeni yeye kabla ya kumuuliza mtumishi mwenye mshahara.

Hayo mengine yanatokana na kumbukumbu. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere akihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasema kwamba katika makosa yote ya ukoloni hakuna lililo baya kuliko kutufanya tuamini kwamba hatukuwa na utamaduni wetu. Mwaka uliofuata, 1963, uchifu ukafutwa kisheria. Huku Ugogo mtemi hakuwa mtawala tu. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mvua, na katika nchi ya ukame kama hii, anayesimamia mvua anasimamia kila kitu: lini watu wapande, lini watambike, nani aombewe. Kisha mwaka 1970 na 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Watu wakatolewa kwenye kaya zao zilizotawanyika, wakakusanywa vijijini. Tembe zetu, nyumba za paa la udongo zilizojengwa kuuzunguka uwanja wa mifugo, zikaachwa zibomoke. Kabla ya hapo shule za misheni zilikuwa zimeshawafundisha babu zetu kwamba mtoto msafi hachezi ngoma za usiku.

Silaumu. Shule na zahanati zilikuja pamoja na vijiji hivyo, na mimi mwenyewe nimefaidika navyo. Lakini mzee aliyeambiwa na mkoloni aache, akaambiwa na mchungaji aache, na serikali yake nayo ikaivunja kaya aliyotambikia, anayo haki ya kushangaa leo akiambiwa avae kaniki na shanga, apande basi, akaonyeshe urithi wake uwanjani. Mkimwona amekaa kimya msidhani hajali. Anasubiri kuona safari hii mnamaanisha nini.

Na yapo mengine yanayouma. Kwa miaka mingi Mgogo akitajwa mijini, alitajwa kwa njaa na kuombaomba. Njaa zilikuwa za kweli. Ile ya Mtunya, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, bado wazee wanaisimulia kama walivyosimuliwa. Ila ni mara chache ulisikia mtu wa mjini akikumbuka kwamba Hukwe Zawose, mzaliwa wa huku, aliyeitwa na Mwalimu akapige muziki wake Dar es Salaam, aliichukua marimba ya Kigogo akaipeleka duniani mpaka alipofariki mwaka 2003. Watoto wetu wengi wa sekondari hawalijui jina lake. Kwa hiyo naposema naitamani siku ya urithi, namaanisha kwamba nataka mtoto wa Chamwino asione haya kusema ametoka wapi.

Sasa naomba niwaeleze jinsi utamaduni unavyoheshimiwa hivi sasa, mgeni rasmi anapokuja. Sisi ndio tunaoitwa, kwa hiyo hili nalijua.

Simu inapigwa jioni: kesho kuna ugeni, akina mama wafike uwanjani saa kumi na mbili asubuhi. Wanaondoka nyumbani usiku, wengine na watoto mgongoni. Mgeni anafika saa tano, wakati mwingine saa saba. Kwa muheme muda huo wote ni hasara. Ngoma zetu ni ndogo, zimebanwa katikati. Mama anaibana kati ya mapaja yake na kuipiga kwa mikono miwili. Ngozi ikikaa na umande wa alfajiri inalegea, sauti inakuwa nzito na butu. Kijijini tunawasha moto wa majani, tunaipasha ngozi mpaka ikaze, tunaigonga kwa kidole, tunairudisha motoni kidogo, mpaka ngoma zote zisikilizane. Uwanjani moto hauruhusiwi kwa sababu za usalama. Basi akina mama wanaziweka juani, wanazifunika kwa kanga, wanaomba Mungu.

Kisha mshereheshaji anatangaza: tupate burudani fupi. Tunapewa dakika tatu. Wimbo wa muheme haujui dakika tatu. Unaanza na mama mmoja anayetangulia kuimba, wenzake wanamwitikia, ngoma ya kwanza inaingia, ya pili inaijibu, na mpaka ngoma zote zishikane muda umeshaenda. Kinachosikika uwanjani ni mlango wa wimbo tu. Mara nyingine tunaambiwa tuliingize jina la mgeni kwenye kibwagizo. Mgeni anapita, anacheza hatua mbili, picha zinapigwa, halafu tunaonyeshwa ishara ya kumaliza. Mwenye spika amelipwa kwa mkataba. Mpambaji amelipwa kwa mkataba. Sisi tunapewa soda na nauli, na kuna siku nauli hiyo haikutosha kuwafikisha wote nyumbani.

Waheshimiwa, hayo ndiyo wananchi wanayoyaona, na kutokana na hayo wanapima thamani ya siku mnayotaka kuitangaza. Kijana akimwona bibi yake anaitwa kuburudisha wakati watu wakitafuta viti vyao, anajifunza kwamba urithi ni kitu cha kujazia ratiba. Hakuna tangazo la serikali litakalomfundisha kinyume chake.

Wakati huohuo, huku Chamwino na kule Nzali yamekuwapo matamasha ya muziki wa Kigogo yanayoanzishwa na wenyewe. Vikundi vinatoka vijiji mbalimbali, vinaimba nindo na msunyunho kwa kirefu, kwa lugha yao, mbele ya watu wanaojua kama umekosea. Mama akitangulia vizuri, wanawake wa kijiji kingine wanasimama kumtuza. Hapo hakuna anayeuliza uhalali wa siku, kwa sababu wameichagua wao, baada ya mavuno, wakati chakula kipo na watu wana nafasi.

Tutazame na majirani. Kenya walikuwa na Siku ya Moi kila tarehe 10 Oktoba. Katiba yao ya 2010 haikuitaja kati ya siku za taifa, ikaachwa kuadhimishwa. Mwaka 2017 mahakama ikasema bado ni sikukuu kisheria. Ikaja kupewa jina la Siku ya Utamaduni. Na mwaka 2024 ikageuzwa kuwa Siku ya Mazingira. Tarehe ni ileile, majina yanabadilika. Siwacheki ndugu zetu, utamaduni na mazingira yote ni mambo makubwa. Ila siku inayoweza kubadilishiwa jina hivyo bila wananchi kuingia barabarani kuitetea, ilikuwa bado haijawa yao. Tarehe ilikuwepo kwanza, ndipo ikatafutiwa maana.

Afrika Kusini ni habari nyingine. Tarehe 24 Septemba Wazulu walikuwa wakimkumbuka Shaka, mfalme wao wa zamani. Utawala wa kidemokrasia ulipopanga sikukuu mpya, siku hiyo haikuwemo, chama cha Inkatha kikapinga, na wakakubaliana iwe Siku ya Urithi kwa watu wote. Ubishi haukuisha, kwa sababu kwa wengi imekuwa siku ya kuchoma nyama, na wapo wanaoona nyama imeifunika historia. Lakini angalau walibishana waziwazi kabla ya kuandika sheria, na Mzulu anajua siku hiyo ilikotoka.

Na hapa nyumbani tunao Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Kila Julai watu wanarudi kijijini, wanaume wanapigana kwa mabua ya migomba, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba, chakula kinaliwa na kila mgeni. Imedumu kwa sababu watu wa Makunduchi wasipoifanya wanajihisi hawajauanza mwaka.

Kuna jambo zito ambalo lazima niliseme, maana mkilinyamazia siku hii itakosa heshima tangu mwanzo. Muheme, hii ngoma ninayoisifia, asili yake ni kwenye jando na unyago. Ndiyo ngoma iliyopigwa mabinti walipokuwa wanafundwa, na katika mafunzo hayo walikuwamo waliokeketwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba karibu wanawake 47 kati ya 100 wa Mkoa wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10 kati ya 100. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Badala ya jambo hilo kwisha, baadhi ya familia za Dodoma na Singida zikaanza kuwakeketa watoto wachanga kwa siri, kwa kisingizio cha kutibu lawalawa, yaani maambukizi ya sehemu za siri.

Anayepinga siku ya urithi kwa hoja hii ana haki ya kusikilizwa kuliko mtu yeyote. Muuguzi anayepokea mtoto wa miezi mitatu anayevuja damu hawezi kuambiwa atulie kwa kuwa mila ni fahari. Akina mama wa kikundi chetu, na wamo ambao yaliwapata, wameshaamua: ngoma inabaki, nyimbo za kumfunza binti usafi, kazi na kujitunza zinabaki, wembe hapana. Huo uamuzi waliufikia wenyewe wakiwa wamekaa chini ya mbuyu, kwa mabishano makali na machozi. Siku ya urithi ikija, nataka wapande jukwaa kuu wauseme kwa midomo yao. Hicho nacho ni utamaduni, watu wazima kukaa na kuamua kipi tunawarithisha watoto na kipi kinaishia kwetu.

Tena kuna Kolo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na tunajivuna nayo: twiga, pofu, watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu na watu walioishi huku kabla yetu sote. Wageni wanapelekwa kuitazama. Ila pale Mungumi wa Kolo, kwenye miamba hiyo yenye michoro, wenyeji wamekuwa wakienda kuomba mvua na tiba tangu kabla mtaalamu yeyote hajafika na daftari, na wahifadhi kwa upande wao wanahofia pombe na mafuta ya tambiko yasiiharibu michoro. Pande zote mbili zina sababu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilitungwa kulinda vitu vya kale, na haikumfikiria mtu anayekuja mahali hapo kusali. Sasa siku ya urithi itamtambua mwenye jiwe, au mlinzi wa jiwe, au mtalii? Warangi na Wasandawe wanastahili jibu kabla kitenge cha sherehe hakijachapishwa. Wasandawe hasa, ambao ni wachache, na lugha yao yenye sauti za kidoko haisikiki redioni wala darasani, wasije wakaletwa Dodoma mara moja kwa mwaka kama maonyesho.

Kuhusu ukabila, naomba niseme kifupi kwa sababu naamini jibu lipo hapahapa mjini. Dodoma ilitajwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ikapata hadhi ya jiji mwaka 2018, na serikali imeshahamia kweli. Mtaa mmoja wa Nkuhungu unakutana na watu wa mikoa yote. Jirani yangu wa Kisukuma hajawahi kuona zeze letu ni tishio kwake. Alichoniuliza ni namna ya kulishika. Ukabila unaletwa na vyeo na ardhi vikigawiwa kwa upendeleo. Wimbo wa msunyunho haujawahi kumnyang'anya mtu kiwanja. Na kwa kuwa nimetaja viwanja, wapo Wagogo ambao mji umepanuka juu ya mashamba yao na makaburi ya wazee wao, na baadhi yao wanasema hawataki kusikia habari za urithi mpaka suala hilo lizungumzwe. Wasikilizeni na wao.

Ombi langu, waheshimiwa, ni hili. Acheni kwanza suala la mapumziko na sheria ya sikukuu. Anzeni kwa kuruhusu kila halmashauri ya kanda hii ichague siku yake yenyewe, kwa kuwauliza wenye ngoma, viongozi wa dini na vijana, na msiwapangie tarehe kutoka Mtumba, kwenye ofisi za wizara. Sisi wa Chamwino tungependa mwezi Julai, baada ya kuvuna uwele na mtama. Watu wa Kondoa, Chemba, Manyoni na Mpwapwa waseme ya kwao. Acheni ifanyike hivyo kwa miaka kadhaa, muone wapi watu wanakuja bila kusombwa na malori, na hapo ndipo mlipeleke jambo bungeni mkiwa na ushahidi.

Vikundi vilipwe kwa mkataba, kama anavyolipwa mwenye spika. Muda wa ngoma upangwe na wenye ngoma, na kuwe na mahali salama pa kuwasha moto wa kupashia ngozi. Hotuba ziwe baada ya ngoma na ziwe fupi. Jina la kiongozi yeyote lisiingizwe kwenye nyimbo kwa amri. Walimu wa shule za msingi wapewe fedha kidogo za kumwita bibi au babu anayejua kutengeneza marimba au zeze akae na wanafunzi muhula mzima, kwa kuwa mafundi wa vyombo hivi wanapungua na vijana hawajifunzi kwa kutazama jukwaa. Sera ya Utamaduni tunayo tangu mwaka 1997. Hakuna ninachokiomba hapa kinachopingana nayo.

Na kabla ya yote hayo, njooni mtusikilize. Mje kijijini siku ya kawaida, bila turubai na bila mgeni rasmi, tukae chini mchana mzima. Akina mama waanze kuzungumza, kisha vijana, sisi viongozi wa vikundi tumalizie. Mchungaji na shekhe wa kijiji tutawaalika sisi wenyewe, na wamesema watakuja. Mwenye kupinga siku hii apewe muda uleule anaopewa mwenye kuitaka, na majibu yenu yaandikwe tubaki na nakala ofisi ya kijiji.

Tunasubiri mtuambie lini.

Katibu wa kikundi cha ngoma,
Wilaya ya Chamwino, Dodoma